Ndege mdogo wa manjano kisiwani Pemba: namna ya kumtambua na kumweleza kinengenenge

Maswali kuhusu ndege wadogo wa Pemba yamekuwa yale yale. "Nimemwona ndege wa manjano juu ya mkarafuu, anaitwaje?" "Huyu kwenye picha ni chozi au si chozi?" "Huyu simwoni kitabuni, je, nimegundua ndege mpya?" Mara nyingi swali linakuja na picha moja yenye ukungu, ndege ni kivuli nyuma ya majani, wala hakuna neno kuhusu mdomo wake, kidari chake, au alichokuwa akikifanya. Swali la namna hiyo halijibiki, hata ukimpelekea mtu aliyekulia ukingoni mwa msitu wa Ngezi.

Nimeandika mwongozo huu ili ukienda Pemba, au kama unaishi huko huko, uweze kumtambua ndege mmoja kwa uhakika na kumweleza kwa maneno ambayo mtu mwingine atayatumia. Ndege niliyemchagua ni kinengenenge wa Pemba. Ukimmudu huyu, njia hiyo hiyo itakufaa kwa wengine wote. Shika jambo moja tangu mwanzo: maelezo yatangulie, jina lifuate. Aliyeandika vizuri alichokiona bila kujua jina, tunaweza kumsaidia hata baada ya miaka. Aliyetaja jina tupu hana cha kuthibitisha, hata kama amepatia.

Ndege wenyewe kwa ufupi

Pemba ina spishi nne za ndege wasiopatikana penginepo duniani: kinengenenge wa Pemba, chozi wa Pemba, ninga wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba. Wawili wa mwanzo ndio wadogo na ndio wanaochanganya watu zaidi. Kwa jina la kisayansi kinengenenge huyu ni *Zosterops vaughani*. Alielezwa kisayansi mwaka 1924 na mtaalamu wa ndege Bannerman, aliyempa jina la J. H. Vaughan, mwanasheria Mwingereza aliyefanya kazi Zanzibar na kupenda sana ndege. Chozi wa Pemba, *Cinnyris pembae*, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, alielezwa na mtaalamu mwingine, Reichenow, mwaka 1905.

Kwa nini Pemba wanne na Unguja hakuna hata mmoja? Mkondo wa bahari kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita. Enzi za barafu, maji ya bahari yaliposhuka, Unguja iliungana na bara lakini Pemba ilibaki kisiwa. Ndege waliofika Pemba wakakaa peke yao muda mrefu, wakawa spishi za peke yao. Nadharia inatosha hapo.

Jambo zuri kwako unayeanza ni kwamba orodha ya ndege wa kisiwa ni fupi. Bara utalazimika kumpambanua kinengenenge huyu na yule. Pemba mwenyeji ni mmoja tu wa jamii hiyo. Wala hajifichi ndani ya msitu mnene: yumo mashambani, kwenye mikarafuu na miembe, kwenye bustani za mjini, hata kwenye visiwa vidogo vya pembeni. Hii ndiyo sababu ninamhimiza kila mgeni aanze naye. Ni ndege wa kila siku kwa mtu wa Wete au Chake Chake, na wakati huo huo dunia nzima haina mwingine nje ya Pemba.

Vitu vya kuandaa kabla hujatoka

- Darubini ya mikono miwili. Iliyoandikwa 8x32 au 8x42 inatosha kabisa. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Usishawishike kununua inayokuza mara 16 au 20: mkono ukitetemeka kidogo picha nzima inacheza, na ndege wa sentimita 10 humpati.
- Daftari dogo la kuingia mfukoni na kalamu ya risasi. Wino unayeyuka mvua ikinyesha, na Pemba mvua haibishi hodi.
- Simu yenye kinasa sauti na kamera. Simu si mbadala wa daftari.
- Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki chenye picha za kuchorwa, au programu ya simu ya kutambua ndege kama Merlin. Pakua data ya eneo ukiwa bado na intaneti nzuri.
- Maji, kofia, nguo za rangi iliyofifia. Nyeupe inayong'aa iache nyumbani.
- Ruhusa. Ukienda msitu wa hifadhi wa Ngezi, karibu na Konde, pitia ofisini, lipa kiingilio na umchukue muongozaji. Ukitaka kuingia shamba la mtu, piga hodi na useme unachokifanya. Msimu wa karafuu, mtu asiyejulikana anayezungukazunguka chini ya mikarafuu akitazama juu lazima ataulizwa, na ni haki aulizwe.

Kama darubini huna, usisubiri mpaka uipate. Kinengenenge husogea karibu sana na watu, na mti wa matunda uani utakufundisha mengi.

Hatua kwa hatua

1. Jifunze sehemu za mwili wa ndege kabla hujamwona

Chora ndege wa upande mmoja kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Si lazima apendeze. Weka alama: mdomo, paji la uso, utosi, kisogo, shavu, koo, kidari, tumbo, ubavu, mgongo, kiuno (pale juu ya mzizi wa mkia), mkia, sehemu ya chini ya mkia, bawa, mguu. Ongeza sehemu moja ambayo wengi huisahau: kale kanafasi kati ya mdomo na jicho. Kwa kinengenenge hapo pana habari kubwa, tutafika.

Jifunze mpaka uweze kutaja kila sehemu bila kuangalia. Ndege atakaa mbele yako sekunde chache, na hutakuwa na nafasi ya kujiuliza kisogo kiko wapi.

2. Chagua saa na mahali

Saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 3 ni wakati bora. Alasiri kuanzia saa 10 nako si kubaya. Mchana jua la utosini hufuta rangi, na ndege wenyewe hutulia. Tafuta mti wenye maua au matunda madogo, au ukingo wa shamba ambapo miti inakutana na uwazi. Simama jua likiwa mgongoni mwako. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kutazama dhidi ya mwanga: ndege wa manjano anakuwa mweusi, halafu mtu anaandika "ndege mweusi mdogo" na kupoteza asubuhi nzima akitafuta ndege asiyekuwepo.

3. Simama, sikiliza, ngoja

Usimfukuze. Kinengenenge hutembea kwa makundi madogo, na kundi lina kelele nyembamba za kuitana zisizokatika. Kwanza utasikia sauti hizo juu ya majani, halafu utaona majani yakitikisika bila upepo. Baki pale ulipo. Kundi huhama mti hadi mti, na mara nyingi likiisha kwenye mti wa jirani litakuja kwenye wako.

Ukimwona ndege kwa macho, usishushe macho kutafuta darubini. Endelea kumtazama, inua darubini mpaka ifike machoni. Fanya zoezi hili nyumbani kwa kutazama nazi iliyo juu ya mnazi. Ukiweza kuipata mara moja bila kutafuta, uko tayari.

4. Anza na ukubwa na umbo

Hapa wengi hukurupukia rangi. Rangi hudanganya, umbo hudanganya kidogo sana. Jiulize: ni mkubwa kuliko shomoro au mdogo? Kinengenenge ana urefu wa kama sentimita 10 kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, mdogo waziwazi kuliko shomoro, anakaribiana na tongo. Mwili ni wa mviringo kidogo, mkia wa wastani uliokatika karibu sawa mwishoni, kichwa cha mviringo.

Usiandike "mdogo" peke yake. Mdogo kwa nani? Andika "mdogo kuliko shomoro" au "sawa na tongo", kwa kumtaja ndege ambaye msomaji wako anamjua.

5. Nenda usoni

Ukipewa sekunde tatu tu za kumtazama ndege mdogo, zitumie zote usoni. Anza na mdomo. Wa kinengenenge ni mfupi, mwembamba, mweusi, wenye ncha. Si mnene kama wa mnana au wa tongo, ambao ni wa kupasulia mbegu. Si mrefu uliopinda kama wa chozi, ambao ni wa kufikia ndani ya ua. Mdomo peke yake tayari umeshawaondoa wengi.

Halafu jicho. Jamii nzima ya vinengenenge inajulikana kwa duara la vinyoya vyeupe linalozunguka jicho. Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu. Kwenye picha za vinengenenge wengi wa bara, duara hilo ni pana na linaonekana kwa mbali. Kwa kinengenenge wa Pemba duara ni jembamba. Ukitarajia miwani mikubwa meupe, utamwona ndege sahihi kabisa na kumkataa. Mtafute kwa mbali kwa umbo na kwa rangi, kisha lithibitishe duara akikaribia.

Sasa ile nafasi kati ya mdomo na jicho: ni nyeusi. Weusi huo mbele ya jicho, ukikutana na manjano ya paji la uso, unampa sura ya ukali kidogo. Andika kama umeuona au hukuuona. "Sikuuona" ni taarifa nzuri kabisa. "Haukuwepo" ni taarifa nyingine, na huna haki ya kuiandika mpaka umetazama pale pale kwa mwanga mzuri.

6. Rangi, kwa mpangilio mmoja kila mara

Anza kichwani uende mkiani kwa upande wa juu, kisha rudi kooni ushuke mpaka chini ya mkia. Ukifuata mpangilio huo kila siku hutaruka sehemu.

Kwa kinengenenge wa Pemba utapata hivi. Paji la uso la manjano. Utosi na mgongo wa kijani chenye umanjano, kiuno kikielekea zaidi kwenye manjano. Mabawa na mkia ni vya rangi nzito, vyenye kingo za kijani-manjano. Koo, kidari na tumbo ni manjano safi. Miguu ni ya kijivu. Dume na jike wanafanana, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta tofauti kwa macho.

Tahadhari tatu kuhusu rangi. Kwanza, majani hurudisha mwanga wa kijani juu ya tumbo la ndege. Ndege aliye ndani ya mwembe atakuwa kijani zaidi kuliko alivyo. Pili, chavua. Ndege anayenyonya maua hupakwa chavua usoni, na paji la njano iliyokolea au rangi ya chungwa linaweza kuwa vumbi la ua tu. Tatu, ndege wachanga huwa wamefifia kuliko wakubwa, na vinyoya vyao vinaweza kuonekana vyepesi na vya kutimka.

Chagua maneno ya rangi ambayo kila mtu anayaona: manjano ya limau, manjano ya kiini cha yai, kijani cha jani bichi la mgomba, kijani cha zeituni, hudhurungi ya kumbi kavu. "Rangi nzuri" na "rangi za kuvutia" haziniambii chochote.

7. Tazama anachokifanya

Tabia huokoa siku mwanga ukiwa mbaya. Kinengenenge hupekua majani akitafuta wadudu, huninginia kichwa chini kama amesahau kwamba ana uzito, hudonoa matunda laini na hunyonya maua. Hafanyi hayo peke yake. Kwa kawaida wenzake wako karibu, wote wakiwa mbioni.

Chozi naye huja kwenye maua yale yale lakini hali yake ni nyingine. Yuko mmoja au wawili, anafukuzana na chozi mwenzake, anaingiza mdomo mrefu ndani ya ua na mara nyingine hupigapiga mabawa akiwa hewani mbele ya ua kwa sekunde moja mbili.

Andika: alikuwa peke yake au kundi, kimo gani kutoka ardhini, mti gani, alikula nini. Jina la mti lina thamani kubwa. Kama hulijui, muulize mwenye shamba; watu wa Pemba wanaijua miti yao, na mara nyingi swali hilo moja litakupatia pia saa ambayo ndege hao huja kila siku.

8. Rekodi sauti

Fungua kinasa sauti, elekeza simu kwa ndege, nyamaza. Dakika moja inatosha. Mwishoni sema kwa sauti yako tarehe, saa, mahali, na ndege unayemdhania. Usipofanya hivyo utakuwa na mafaili mengi usiyojua yalitoka wapi.

Kisha andika sauti kwa maneno yako: nyembamba au nzito, inapanda au inashuka, inarudiwa au ni moja. Kwa kinengenenge tarajia sauti nyembamba za juu, za harakaharaka, zinazotolewa na ndege kadhaa kwa pamoja.

Usipige sauti iliyorekodiwa ili kumwita ndege. Nalisema kwa mkazo kwa sababu limekuwa jambo la kawaida mno. Ndege anayelea anaacha kiota kuja kupigana na simu yako. Kwa kinengenenge wala huna haja, kwani atakuja mwenyewe.

9. Andika papo hapo, kabla ya kufungua kitabu

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Ukishaona picha ya kitabuni, kumbukumbu yako itaanza kufanana na picha. Utaapa kwamba uliona duara la jicho pana kwa sababu msanii alilichora pana. Kwa hiyo andika kwanza, piga mstari chini ya ulichoandika, halafu ndipo ufungue kitabu. Chochote utakachoongeza baada ya mstari kiwe chini yake.

Maelezo mazuri yanafanana na haya:

> Pemba, ukingo wa shamba la mikarafuu nje ya Konde. Asubuhi, saa 1 na robo, mawingu kidogo, mwanga nyuma yangu. Umbali kama mita 8, darubini 8x42, nilimtazama kwa dakika mbili hivi.
> Ndege watano au sita pamoja, juu kwenye mwembe, kama mita 6 kutoka chini. Wadogo kuliko shomoro. Mdomo mfupi mwembamba mweusi, haukupinda. Paji la uso manjano; mgongo kijani-manjano; kiuno cha manjano zaidi; mabawa meusimeusi yenye kingo za kijani. Koo hadi tumbo manjano safi. Duara jembamba jeupe kuzunguka jicho, nimeliona kwa ndege wawili. Weusi kati ya mdomo na jicho. Miguu sikuiona vizuri.
> Walipekua majani, mmoja alininginia kichwa chini. Sauti nyembamba za kuitana muda wote. Waliruka pamoja kwenda mti wa pili.

Hakuna jina humo, na mtu yeyote anayejua ndege wa Pemba atakujibu bila kusita. Angalia pia neno "sikuiona vizuri" kuhusu miguu. Mtu anayekiri asichokiona ndiye anayeaminika kwa alichokiona.

10. Waondoe wasiokuwa yeye

Sasa fungua kitabu. Badala ya kutafuta ndege anayefanana na wako, tafuta sababu za kuwakataa wengine.

*Chozi wa Pemba, jike.* Ndiye anayewachanganya wengi, kwa kuwa ni mdogo hivyo hivyo, na ana rangi hafifu, upande wa chini ukielekea kwenye umanjano. Mdomo wake ni mrefu na umepinda, na hana duara jeupe kuzunguka jicho.

*Chozi wa Pemba, dume.* Kwa mbali ni mweusi. Mwanga ukimwangukia vizuri, kichwa na mgongo vinang'aa kijani, na kidari kinatoa zambarau. Mng'ao huo hautoki kwenye rangi bali kwenye namna unyoya unavyorudisha mwanga, ndiyo maana akigeuka kidogo unatoweka. Hawezi kuwa kinengenenge, lakini chozi dume mchanga aliye nusu kubadilika, mwenye mabaka meusi kooni, anaweza kukutia mashaka. Rudi kwenye mdomo.

*Mnana na jamaa zake.* Manjano wanayo, ila mdomo ni mnene na mwili ni mkubwa zaidi.

*Ndege wahamiaji.* Kuanzia Oktoba mpaka Aprili ndege wadogo wa kijani-zeituni kutoka Ulaya na Asia huwa katika pwani yetu. Hao wana mstari mwembamba uliofifia juu ya jicho badala ya duara, na tumbo lao ni la kufifia, si manjano safi.

11. Toa jina pamoja na kiwango cha uhakika, kisha hifadhi

Andika moja kati ya haya: "hakika", "yaelekea", "sijui". Neno la tatu halina aibu yoyote. Halafu ingiza taarifa yako eBird, orodha ya mtandaoni ya ndege walioonwa, au kwenye orodha nyingine ya wazi, na ubandike maelezo yako yote, si jina pekee. Weka mahali halisi. "Zanzibar" haitoshi, kwa maana Unguja na Pemba ni visiwa viwili vyenye ndege tofauti, na kinengenenge wa Pemba akiandikwa Unguja kwa uzembe wa mtu mmoja huzalisha fujo itakayochukua muda kusafishwa.

Ukiona ndege wa kawaida, mwandike pia. Watu huandika bundi wa Ngezi kwa furaha na kumwacha kinengenenge aliye dirishani. Baadaye mtu akitaka kujua kama kinengenenge anapungua mahali fulani, hakuna kumbukumbu ya siku alipokuwa tele.

Ukikwama

*Nimemwona kwa sekunde moja tu.* Andika ulichokiona hicho hicho, hata kama ni "manjano chini, kundi, juu ya mwembe". Kisha baki pale. Kundi lililopita asubuhi mara nyingi hurudi kwenye mti wenye chakula.

*Picha yangu haina kitu.* Ongeza mwanga wa picha kwenye simu; ndege aliyeonekana mweusi anaweza kufichua manjano. Isipofichua, itegemee daftari. Picha mbovu pamoja na maelezo mazuri inatosha. Picha mbovu peke yake, hapana.

*Programu inaniambia ni kinengenenge mwingine.* Angalia kama umeiwekea eneo la Pemba. Programu nyingi hulinganisha picha yako na picha zilizo nyingi, na vinengenenge wa bara wamepigwa picha nyingi zaidi. Programu inapendekeza, wewe ndiye unayethibitisha.

*Mwenyeji amenipa jina tofauti na la kitabuni.* Yaandike yote mawili, na uandike kijiji ulichosikia. Majina ya ndege wadogo hubadilika mtaa kwa mtaa, na mengine hutumika kwa ndege wawili watatu kwa pamoja. Muulize akueleze ndege huyo anavyofanya, usimwonyeshe picha kwanza, kwa sababu ile ile niliyoieleza kwenye hatua ya 9.

*Nimekuta kiota.* Rudi nyuma. Usiguse, usikate tawi upate picha safi, usirudi kila saa. Kunguru na paka hufuata mahali watu wanapozunguka. Andika mti, kimo na umbo la kiota kutoka mbali, basi.

*Watoto wa jirani wana manati na wameshampiga mmoja.* Usifoke. Chukua darubini, mpe mmoja wao amtazame kinengenenge aliye hai akiwa ananinginia kichwa chini. Waambie ndege huyu hayuko popote ila kwao. Mtoto wa Pemba akilijua hilo hulichukua kwa uzito kuliko wengi wetu.

*Ndege wangu hayumo kwenye kitabu chochote. Ni mpya?* Karibu kila mara ni ndege anayejulikana aliye mchanga, anayebadilisha manyoya, au aliyetoroka tunduni. Pitia hatua ya 4 mpaka ya 10 upya ukiwa na mtu wa pili. Kumweleza ndege mpya kisayansi ni kazi nyingine kabisa: panatakiwa kielelezo kinachohifadhiwa, ulinganisho wa vipimo, sauti na vinasaba na jamaa zake wa karibu, na maelezo yaliyochapishwa. Yote hayo yanahitaji vibali na taasisi. Usimkamate ndege kwa kudhania.

Lakini usiudharau ushahidi wako pia. Kwenye kisiwa cha Príncipe, Ghuba ya Guinea, wenyeji walisema kwa miaka mingi kwamba msituni mna bundi mdogo. Wanasayansi walithibitisha mwaka 2016, na mwaka 2022 wakamchapisha kwa jina *Otus bikegila*. Bikegila ni jina analojulikana kwalo mwenyeji wa kisiwa hicho, aliyewahi kuwa mkamataji wa kasuku kabla ya kuwa mlinzi wa hifadhi, na ambaye maelezo yake yaliwafikisha watafiti kwa ndege huyo. Ukiwa na kitu unachoamini, kusanya maelezo, rekodi za sauti na picha kutoka siku tofauti, kisha uwapelekee watu wa makumbusho au wa chuo kikuu wanaoshughulika na ndege.

*Nimeshaingiza jina, sasa nagundua nilikosea.* Badilisha leo leo. Kwenye eBird unafungua orodha yako na kurekebisha spishi. Maelezo yako ya awali yaache yalivyo. Hayo yalikuwa sahihi hata pale jina lilipokuwa si sahihi.